Bido ya mafuta haina nafasi chini ya miguu ya watu



Kila siku makamiyo yanatoka Goma kwenda mbali. Mengine yanashika njia ya Rutshuru kuelekea Kanyabayonga, Lubero, Butembo na Beni. Mengine yanapita Sake kuelekea Masisi na Walikale, ao Minova na Kalehe mpaka Bukavu. Chini kuko sementi, chumvi, mchele, mabati na sabuni. Juu ya mizigo kuko watu: wamama wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa wenye kutoka hospitali, watoto wenye kurudi kwa wazazi. Na katikati ya mizigo na watu kuko mabido ya njano, ya lita 20, yenye kujaa mafuta ya gari.

Tumezoea kuyaona. Mtu anapanda, anatafuta pa kukaa, anakuta bido ni kiti kizuri kuliko mfuko wa sementi, anakaa juu yake. Hakuna mwenye kuuliza.

Leo tunauliza. Na msimamo wetu tunautoa mapema ili mtu asitusikie vibaya. Kubeba mafuta ya akiba kwa safari ndefu si kosa, barabara zetu njo zinalazimisha. Kosa ni kuyabeba pamoja na watu, na kuyabeba ovyo. Tena mwenye kujibu wa kwanza si shofere wala konvoyeri. Ni mwenye gari, ni muuzaji wa mafuta, na ni ule mwenye kusimama kwenye bariyeri.

Barabara njo inalazimisha

Tuanze na haki ya shofere. Kutoka Goma mpaka Butembo ni karibu kilometa 300. Tuchukue mfano wa Fuso yenye mzigo, inayokula lita 35 kwa kilometa 100 kama barabara ni nzuri. Safari ingeomba lita 105. Lakini kila mwenye kupita huko anajua kama mvua, mipando na gia ndogo vinaweza kufanya injini ikule mara mbili. Sasa tumefika lita 210 kwa kuenda tu, na bado hatujahesabu siku mbili za kukwama kwa potopoto. Kama tangi ya gari ni ya lita 200, hesabu haitoki. Shofere anaongeza mabido matano, anasema sasa nina lita 300, nitafika.

Ongeza vita. Bunagana ilianguka tarehe 13 Juni 2022. Mwisho wa mwezi wa 10 mwaka ule ule, Rutshuru na Kiwanja zilifuata, na barabara ya taifa namba 2 ikakatwa. Tangu siku hizo kuko wasafiri na wachuuzi waliozunguka kwa Rwanda na Uganda ili kurudi Kongo kwa Kasindi, safari ya mamia ya kilometa kwa kwenda mahali ambapo zamani mtu alifika kwa siku moja. Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mpaka mjini Goma. Njia inafunguka, inafungwa, inafunguka tena. Mwenye kuanza safari hajui kama atapita kwa njia ile aliyoipanga. Mafuta ya ziada yanakuwa sawa na maji ya kunywa: hauondoki bila yenyewe.

Ongeza pia bei na ubora. Njiani kuko Kadhafi, ule muuzaji wa mafuta wa kando ya barabara, na tunamshukuru kwa sababu mara nyingi njo yeye peke yake. Lakini kama mafuta yake yamechanganywa na maji ao na petroli ya taa, shofere anaharibu pompi ya injini katikati ya msitu, usiku, mahali ambapo hakuna mtu anataka kulala. Kubeba mafuta unayoyajua ni akili.

Na kuko jambo moja linalotuuma zaidi. Tangu mwaka 2008 nchi yetu iko na FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Kwa sheria, kila lita ya mafuta inayouzwa inatoa sehemu kwa mfuko ule, na tena tunalipa peaje tukipita. Maana yake, yale mafuta ndani ya bido yamekwisha kulipa barabara. Kama barabara ingekuwa imetengenezwa, mabido mengi yasingehitajika. Raia analipa barabara mara ya kwanza kwenye pompi, mara ya pili kwenye peaje, mara ya tatu kwa kukaa juu ya moto.

Kwa hiyo mtu asituletee jibu la haraka la kusema: marufuku mabido yote. Tunajua marufuku kama ile inageuka nini. Bila stesheni njiani na bila barabara, shofere ataendelea kubeba, na marufuku itakuwa bei mpya ya kulipa kwenye bariyeri. Bido itabaki palepale, sasa ikiwa imefichwa chini ya turubai, mahali pabaya zaidi.

Vifo tunavyovijua

Sisi watu wa Kivu hatuhitaji mtu wa mbali kutufundisha mafuta yanafanya nini.

Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya Goma. Siku ine nyuma yake, tarehe 21 Januari, stesheni moja ya mafuta iliyozungukwa na lava ya moto ililipuka wakati watu walikuwa wanachota mafuta. Makumi ya watu walikufa pale. Walikuwa wameponyoka volkano.

Tarehe 2 Julai 2010, siku ya Ijumaa jioni, kamiyo ya kubeba mafuta ilipinduka katika Sange, kwenye uwanda wa Ruzizi, kati ya Bukavu na Uvira. Watu walikuja na masahani na mabido kuokota. Wengine walikuwa ndani ya vyumba vya video wanaangalia Kombe la Dunia. Moto ulifika kwa wote. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Tarehe 6 Oktoba 2018, kule Mbuba katika Kongo ya Kati, kamiyo ya mafuta iligongana na gari ingine kwenye barabara ya Matadi na Kinshasa, watu karibu 50 wakaungua. Majirani zetu nao wamelia. Kenya ilizika watu zaidi ya 100 wa Sachangwan, karibu na Molo, nyuma ya ajali ya tarehe 31 Januari 2009. Tanzania ilizika zaidi ya 100 wa Morogoro, nyuma ya ile ya tarehe 10 Agosti 2019.

Yale yote ni makamiyo makubwa ya kubeba mafuta tu, na kwa hiyo yaliingia katika habari za dunia. Bido ya lita 20 haiingii katika habari. Kamiyo ikiungua kwenye mpando na watu sita juu yake, familia inalia, mwenye gari anahesabu hasara, na wiki inayofuata kamiyo ingine inapakia mabido vilevile. Hakuna mtu anaandika. Kifo kisichoandikwa hakimfanyi kiongozi yeyote abadilishe kitu.

Tukumbuke tena tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, machoni mwa watu, ikiwa imejaa kupita kipimo. Kila mtu alijua kama mashua zinajaa kupita kipimo. Tulikuwa tunajua, na tulisubiri. Na mabido juu ya makamiyo pia tunayajua.

Akiba ni ya injini

Kuko neno moja linaloficha mambo mengi: akiba. Tulifungue.

Fuso na makamiyo mengine yanayopita kwetu yanatembea na mazutu. Basi mazutu ndani ya bido inaweza kuwa akiba ya safari. Lakini esansi juu ya kamiyo ya mazutu haiwezi kuwa akiba ya ile kamiyo, kwa sababu injini yake haiwezi kuitumia. Ile ni bidhaa. Inaenda kuuzwa kwa mapikipiki na magrupu ya umeme huko mbele. Ni biashara ya haki, watu wa Lubero na wa Walikale wako na haja yayo. Ila ni mzigo wa hatari, na mwenye mzigo wa hatari hana ruhusa ya kuuza nafasi juu yake kwa mama na mtoto.

Na tofauti ya esansi na mazutu si ya bei tu. Mazutu kwa kawaida inahitaji kupashwa moto kupita nyuzi 50 ndipo mvuke wake uwake. Esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata mahali penye baridi ya barafu, acha jua la uwanda wa Rwindi. Mvuke ule hauonekani. Ni mzito kuliko hewa mara tatu ao nne, kwa hiyo haupandi juu ukaenda. Unashuka, unajaa chini ya turubai, unaingia kati ya mifuko, unatiririka mpaka chini ya kamiyo, mahali pale ambapo konvoyeri amewasha mbabula ya kupika ugali kwa sababu gari imekwama. Moto hauanzi kwenye bido. Unaanza kwenye mbabula na unarudia njia ya mvuke mpaka kwenye bido.

Njo maana tunasema pia: bido tupu si salama. Bido iliyokuwa na esansi, ikibaki imefungwa, iko na mvuke ndani. Mtu anayeichomelea, ao anayechomelea tangi ya zamani bila kuisafisha, anaweza kufa kabla hajamaliza kazi.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni nyepesi, na mtoto wa shule anaweza kuikumbuka. Mazutu ya injini inaweza kusafiri na gari. Esansi ya biashara inasafiri peke yake, bila abiria hata mmoja. Na kama mtu anasema nafasi haitoshi, basi kati ya bido na mtu, bido njo inashuka.

Namna ya kubeba bila kuua

Sasa tuongee na wenye gari, mashofere na makonvoyeri. Mambo haya si ya wazungu wala ya vitabu. Yanawezekana hapa Goma.

Njia nzuri kuliko zote ni tangi ya pili, ya chuma, iliyofungwa kwa boloti kwenye chasi chini ya gari, upande wa mbali na bomba la moshi na mbali na betri. Iwe na kifuniko chenye kufunga sawasawa, na kipumulio kidogo ili isivimbe wala isivutike. Iwekewe chuma cha kuikinga na mawe ya barabara. Tangi kama ile ya lita 100 ao 150 inaondoa yale mabido yote ya mfano wetu. Inalipwa mara moja, inatumika miaka. Mwenye gari anayenunua magurudumu mapya kila wakati hawezi kutuambia kama tangi moja inamfilisi.

Katika Ulaya, kanuni za kusafirisha vitu vya hatari, zinazoitwa ADR, zinaachia gari kubwa kuwa na mafuta mengi katika matangi yaliyofungwa kwenye gari, lakini katika mabido ya kubebwa kwa mkono haziruhusu kupita lita 60 kwa gari moja, bila kuhesabiwa mzigo wa hatari. Wale wako na lami na stesheni kila mahali, na bado wameona lita 60 zinatosha. Sisi tuko na mawe na mipando. Tunaweza kushika ile hesabu: mabido matatu, basi.

Kwa yale matatu, tufuate haya.

Bido iwe ya chuma ao ya plastiki nene iliyotengenezwa kwa mafuta ya gari. Ile ya njano iliyoletwa na mafuta ya kupikia haikutengenezwa kwa kazi hii. Mara nyingi kifuniko chake kinashikwa na kipande cha sashe, na sashe ile inavuja gari ikitikisika. Tena katika nyumba zetu bido ya njano njo inachota maji na njo inaweka mafuta ya kula. Ya mafuta ya gari ipakwe rangi nyekundu, isirudi tena jikoni.

Isijazwe mpaka shingoni. Mafuta yanaongezeka yakipata joto, karibu lita moja kwa kila lita 100 kama joto linapanda nyuzi 10. Gari inatoka Goma asubuhi na baridi, inashuka kwa Rwindi penye jua kali, kisha inapanda Kabasha kuelekea Kanyabayonga ambapo hewa ni nyepesi. Bido iliyojaa na kufungwa sana inavimba na kupasuka mshono. Katika bido ya lita 20 weka 19.

Ijazwe ikiwa chini kwenye udongo, injini imezimwa, watu wameshuka. Kuijaza ikiwa juu ya kamiyo, juu ya turubai ao plastiki, kunaweza kuleta cheche ndogo ya umeme wa kusuguana, na cheche moja inatosha.

Isimame wima, ifungwe kwa kamba ngumu ao ndani ya sanduku la chuma lenye matundu, nje ya kabini, nyuma ao kando ya gari, mahali penye hewa. Isiwekwe ndani ya kabini, isiwekwe chini ya turubai, isiwekwe chini ya mizigo. Ikivuja, shofere aione.

Wakati wa kumimina, tumieni pompi ya mkono ao embudo. Kufyonza mpira kwa kinywa kumeharibu mapafu ya makonvoyeri wengi, vijana wa miaka 17 na 18. Na kama mtu amemeza, msimlazimishe kutapika, kwa sababu mafuta yakirudi yanaweza kuingia katika mapafu. Mpelekeni hospitali.

Kizima-moto cha unga, cha kilo 6 ao kupita, kikae mahali ambapo mkono unafika, siyo nyuma ya kiti chini ya malapa na matambara. Na mbabula iwashwe mbali, hatua 30 hivi kutoka kwa gari, upande ambao upepo hauleti mvuke.

Bariyeri inaona franga, haioni bido

Kutoka Goma kwenda popote, shofere anasimamishwa mara nyingi. Anaombwa makaratasi, anaombwa franga, mizigo inahesabiwa, wakati mwingine watu wanashushwa mmoja mmoja na kuulizwa wanatoka wapi. Kila jicho linaangalia kamiyo. Na bado kamiyo yenye mabido 20 ya esansi na watu 30 juu inapita bariyeri zote, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewekwa pale kwa ajili ya uzima wa watu.

Hatuandiki hapa ili kubishana juu ya bendera gani iko kwenye bariyeri gani. Mama anayeungua kule Kabasha hajali ni nani alichukua franga zake. Yeyote anayesema mimi njo nashika barabara hii, na anayechukua malipo juu yake, amekubali kujibu kwa watu wanaopita. Kama unaweza kuhesabu mifuko ya maharagi, unaweza kuhesabu mabido.

Sheria ya barabara ya nchi yetu iko, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Polisi ya barabarani iko. Tume ya kuzuia ajali barabarani, CNPR, iko. Ofisi ya kupima bidhaa, OCC, iko. Majina hayakosekani. Kinachokosekana ni mtu mmoja kwenye kituo cha kuondokea, asubuhi, mbele abiria hawajapanda, mwenye kuuliza maswali matatu: mafuta yako wapi, ni ya aina gani, na nani anakaa karibu nayo?

Wenye gari nao tunawaambia wazi. Shofere anayekataa kubeba esansi pamoja na watu anaweza kupoteza kazi kesho yake, kwa sababu kuko wengine kumi wanaomsubiri pale parkingi. Konvoyeri ndiye anayelala juu ya mabido usiku ili yasiibiwe. Wakati gari inaungua, hao wawili wanaungua ya kwanza, ao wanakamatwa ya kwanza. Mwenye gari yuko nyumbani. Faida ya ile esansi ingekuwa yake, basi na hatari iwe yake pia, mbele ya sheria na mbele ya familia.

Kama ajali inatokea

Mpaka siku mambo yabadilike, kila mmoja wetu ajue haya na awafundishe wa nyumbani.

Gari yenye mafuta ikipinduka, usikimbilie kuokota. Tunajua maisha ni magumu, na lita tano za esansi ni chakula cha siku kadhaa. Watu wa Sange pia maisha yao yalikuwa magumu. Kimbia mbali, upande upepo unatokea, kupita mita 100, na uondoe watoto. Mwenye pikipiki asiiwashe karibu. Asiwepo mwenye sigara, mshumaa wala koroboi.

Moto wa esansi usimwagiwe maji: mafuta yanaelea juu ya maji na moto unatembea nayo. Moto ukiwa mdogo, tumieni unga wa kizima-moto ao mchanga, na mchanga wa volkano haukosi kwetu. Moto ukiwa mkubwa, okoeni watu, acheni gari.

Mtu akiwaka, alale chini na kujiviringisha, ao afunikwe na blanketi zito. Nyuma ya pale, kidonda kipozwe na maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai na udongo havitibu, vinaongeza uchafu tu. Funikeni na kitambaa safi, mtu apelekwe hospitali haraka.

Na wewe abiria, mbele ya kulipa, uliza: mafuta yako wapi? Ukiuliza peke yako watakucheka. Mkiuliza kumi, shofere atampigia mwenye gari simu. Tumeona kama mambo mengi katika mji huu yalianza kubadilika siku watu walikataa pamoja, bila jiwe na bila fujo.

Tunadai nini

Kwa wenye gari na vyama vyao: tangi ya pili kwenye kila kamiyo ya safari ndefu, kizima-moto kwenye kila gari, na amri ya maandishi kama shofere hatafukuzwa kwa kukataa kuchanganya esansi na watu. Muanze na magari yanayobeba abiria. Mengine yafuate.

Kwa wenye stesheni na kwa ndugu zetu Kadhafi: msijaze esansi ndani ya bido iliyo juu ya kamiyo yenye watu. Mwambieni shofere ashushe bido chini, ashushe na watu. Hampotezi mteja, mnamlinda mteja arudi.

Kwa wote wanaosimamia barabara, popote na kwa jina lolote: ukaguzi wa mafuta kwenye vituo vya kuondokea, bila malipo. Tunarudia, bila malipo. Siku ukaguzi huu utakuwa na bei, utakuwa umekufa. Gari yenye kosa ishushe mafuta, siyo itoe franga na kuendelea.

Kwa wenye kusimamia pesa ya barabara: muonyeshe raia pesa ya peaje na ya kila lita imefanya kazi gani kati ya Goma na Butembo, kati ya Sake na Walikale, kati ya Minova na Bukavu. Kilometa kwa kilometa. Barabara nzuri njo kizima-moto kikubwa kuliko vyote.

Kwa wanahabari na redio za mitaani: muandike kila moto wa mafuta, hata wa kamiyo moja, hata wa mtu mmoja. Tarehe, mahali, watu wangapi, mafuta ya aina gani. Bila hesabu ile, kila mwaka tutaambiwa kama ni bahati mbaya.

Sisi vijana tutaanza na kile tunachoweza. Tutaenda kwenye maparkingi ya kuondokea, upande wa Majengo na upande wa Ndosho, kuongea na mashofere, makonvoyeri na abiria, kwa amani, mikono mitupu. Tutabeba rangi nyekundu na burashi. Kila bido ya mafuta tutakayoikuta, tutaomba mwenyewe ruhusa tuipake, ili hata mtoto asiyejua kusoma aone rangi na asikae juu yake.

Mwenye rangi alete rangi. Mwenye gari alete tangi.

Vijana wa Goma